Kiota cha Tausi Kilichotazama Mbinguni

Hebu niambie wewe unayenisikiliza, umeshawahi kusuka viota vitatu bure kwa jina la intavyu? Mnana amesuka. Ana digrii ya viota na njaa ya miaka miwili.

Mkuu wa ubunifu kwenye kampuni ya viota alikuwa Tausi, akampokea kwa tabasamu. "Hapa we are family, kijana. Kazi ionyeshwe ingali mbichi, kila mtu aseme ukweli, vyeo tunaviacha nje."

Kiota cha kwanza, Tausi akasema hakina roho. Cha pili kikawa na roho nyingi mno. Cha tatu akakiweka pembeni, kisha akafunua alichobuni mwenyewe. Mlango ulitazama mbinguni, ili mkia wake uonekane toka mbali.

"Nipeni fidbaki. Msiogope."

"Iko fiti, bosi," akasema Kasuku, msaidizi wake.

"Bosi, mvua itaingia," akasema Mnana.

Tausi akamtazama kwa huruma. "Kijana, huna tim spiriti." Kazi akaikosa hapo hapo.

Wiki haikuisha, mvua ikashuka. Mayai ya mke wa Tausi yakaelea ndani ya kiota cha mumewe kama ndimu kwenye beseni.

"Kasuku, tufanyeje?"

"Iko fiti, bosi."

Tausi akayahamishia mayai kwenye kile kiota cha tatu. Asubuhi akabandika mlangoni: Kimebuniwa na Tausi.

Sasa nyinyi mnaoajiri, kama kiota kinafaa kulaza mayai yenu, aliyekisuka mwiteni kazini. Na mkituomba ukweli, tangazeni kabisa kwenye tangazo la kazi kwamba una adhabu.