Kinywa cha Mwanamize

Vidonda vya kinywani vilikuwa vikimtesa Mwanamize tangu mwaka uliopita. Mawifi zake walisema ni laana, kwa kuwa amekataa kuihama nyumba ya marehemu mumewe.

Asubuhi hiyo walikuja tena, wakamkuta mezani na kichupa cha vidonge vyekundu.

"Vya nini hivyo?" akauliza Subira, mkubwa wao.

"Virutubisho vya kutuliza uvimbe. Vimetengenezwa kwa nyanya. Daktari kasema huenda vikanisaidia."

"Nyanya!" Subira akacheka. "Laana inatibiwa kwa nyanya? Utuombe radhi, wifi, utupe ufunguo wa nyumba, utapona."

Mwanamize akameza kidonge, akashushia maji. Maji yakamchoma mpaka machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Kinywa kinaniuma, Subira, na pengine kitaendelea kuniuma," akasema. "Lakini bado kinasema. Siondoki."

Akainuka, akawamiminia chai ya tangawizi kama wageni wengine wowote, kisha akajimiminia na yeye. Chai ilikuwa inafuka moshi. Mawifi wakamkodolea macho alipokishika kikombe kwa mikono miwili na kukipeleka mdomoni.