Mtoto wa Pili Hajazaliwa

Tik. Tik-tik. Tik.

Giza la alfajiri lilikuwa bado limeijaa nyumba, na kisauti hicho kilipenya ukuta mwembamba wa chumba cha mama mkwe. Sindano zake za kufumia hizo, mkamwana aliwaza. Mama mkwe hujigamba kwamba vidole vyake vina macho.

Yeye alikuwa jikoni, kitindamimba mgongoni, kompyuta ya kuazima mezani. Kazi ya darasa la jioni ilitakiwa ifike kabla ya jua kuchomoza. Isipofika, nafasi yake anapewa mwingine, naye anabaki kiwandani akishona vifungo.

Programu ilikuwa ya kutunza habari za watoto wa chekechea. Alikwisha kuandika kiolezo, Mtoto: jina, umri, meno. Ni kama cha fundi cherehani, karatasi moja, magauni mengi. Akamuumba binti yake mkubwa, akampa meno ishirini. Akaja kwa kitindamimba, akampa mawili. Akabonyeza.

Binti mkubwa: meno mawili.

"Wee! Nani kamng'oa mwanangu meno?"

"Bado uko na hicho kidude?" mama mkwe aliita kutoka chumbani. "Mimi nimebonyeza mashine za ofisi mpaka nikastaafu. Zimenipa nini? Mgongo!"

"Namaliza, mama."

"Unamaliza macho, mwanangu."

Kelele hizo zikamwamsha binti mkubwa. Akapita na blanketi begani, akisoma kwa sauti maandishi ya kopo la sukari, maana yuko umri ule wa kusoma chochote kilichoandikwa, akaenda kujichomeka kitandani kwa bibi yake.

Mkamwana aliipiga picha mistari yake, akaituma kwa simu kwenye kundi la wanaoanza. "Komamanga, niokoe. Kunakucha!"

Hakuwahi kumwona huyo ajiitaye Komamanga. Alimwaza kijana mwenye miwani, ghorofani mahali fulani, asiyelala wala asiyechoka kuulizwa. Ndiye aliyemvusha tangu somo la kwanza, siku ile alipotaka kuacha.

Ukutani, sindano zikachapuka. Alikuwa hajamaliza kumbembeleza kitindamimba, jibu likaingia:

"Hujazaa mtoto wa pili! Umemchukua yule wa kwanza ukambandika jina jingine. Ukimgusa kwa jina hili, umemgusa na kwa lile. Rudi kwenye kiolezo, uzae upya. Uchungu wake ni mstari mmoja tu."

Alicheka mpaka kitindamimba akashtuka. Akafuta mstari, akaandika mwingine, akabonyeza huku jicho moja kalifumba.

Ishirini. Mawili. Kila mtoto na kinywa chake.

Akaituma kazi mbio mbio. *Imepokelewa*, kioo kikasema, na dirishani ndiyo kwanza weupe unaanza kuchungulia. Alitaka kupiga kigelegele, akakumbuka mama mkwe, akajiziba mdomo kwa kanga. Furaha ikamshukia vidoleni. Akaishika simu, akaandika:

"Imekubali! Nimewahi! Komamanga wee, ungekuwa karibu ningekubusu."

Ukutani, tik-tik ikakatika. Kisha, kutoka kitandani kwa bibi, ikasikika sauti ya binti mkubwa:

"Bibi, hapa kwenye simu yako mama anasema ungekuwa karibu angekubusu."