Mabati ya Mtaani

Marvalyn alikuwa anamalizia wimbo wa mwisho wa albamu yake ya kwanza, studio kwetu Kingston, mtu akaanza kugonga uzio wa mabati huko nje.

Nikasimamisha kurekodi. Joto lilitufanya tuache mlango wazi, na kelele yote ilikuwa imeingia kwenye wimbo.

"Mpumbavu gani huyo?"

"Muuza kuku," alisema Marvalyn, akichungulia mlangoni.

Dansini kwetu, ukigonga bati unamwambia DJ arudie wimbo tangu mwanzo. Marvalyn alikuwa hajawahi kugongewa.

Jirani naye akagonga. Kisha uzio mzima ukanguruma hadi barabarani.

Nikainuka nifunge mlango.

"Kaa chini, kaka. Kipande hicho usikifute," alisema Marvalyn. "Anza upya, na madirisha nayo ufungue."