Kofia ya Bibi Harusi

Langoni, baba mdogo alimzuia Thoa kwa mkono. Binti anayeolewa nje ya kijiji hatoki na azola, ule ujani unaoelea juu ya maji mashambani na kuulisha mpunga. Mbegu yake ni siri ya kwao.

“Mbona kofia yako inavuja?”

Tone la maji liliteremka shingoni mwa Thoa, limebeba jani dogo kama ukucha wa kichanga.

Mama yake alilifuta kwa kidole gumba, akafumba kiganja.

“Jasho la woga hilo, shemeji. Kwani mkeo hakutoka jasho alipokuona?”

Watu wakacheka. Mama akaikaza kamba ya kofia chini ya kidevu cha bintiye.

“Azola itie majini kabla hujawasalimia wakwe,” akanong'ona. “Na mbolea ya urea shambani, nusu ya kawaida tu. Ukizidisha, itakufa.”