Maana ya Pili

Karani wa mgodi alinyoosha mkono apewe ufunguo wa nyumba ya mgodi kule Kapata.

"Citoyenne, bwana yako ameacha kazi. Injinia Mwingereza aliandika 'leave' ku jina yake."

Mwanvua akaubana ufunguo kifuani. Mumewe alikuwa Dilolo, akimzika mama yake.

"Tata, aliomba ruhusa ya kwenda ku kilio! Mi nilisoma Kingereza ku Ndola. 'Leave' ni ruhusa pia, haiko kuacha tu."

"Mu dictionnaire banaandika kuacha."

Mwanvua akamnyang'anya kamusi aliyokuwa ameishika. Maana ya kwanza ilikuwa imepigiwa mstari kwa wino mwekundu.

"Soma ya pili," alisema, akimrudishia. "Kwa sauti, batu bote basikie."

Foleni ya wanawake ikasogea dirishani. Karani akafungua kinywa, akasoma: "Ruhusa ya kutokuwa kazini."