Povu Ukutani

Mjane aliyekuwa akiuza nyumba alikuwa ameuziba ufa wa chumbani kwa sabuni ya kipande, akapaka rangi juu. Mnunuzi, binti mwenye mimba ya miezi minane, alikataa kuleta mkaguzi. "Mkaguzi wa nini, mama? Nimeshakuamini."

Sasa alikuwa anafuta vumbi ukutani kwa kitambaa kilicholowa. "Kitanda cha mtoto kitakaa hapa hapa."

Rangi ikachubuka. Povu jeupe likachungulia chini ya kitambaa.



"Kumbe umeosha mpaka kuta," binti akacheka. "Mama, usafi wako umezidi."

Akaendelea kusugua. Mjane akamshika mkono.

"Mpigie mkaguzi sasa hivi, mwanangu," akasema, "kabla shetani hajanirudia."