Kijiti cha Oili

Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameshaingia kwenye oili; injini ingeweza kufa njiani wakati wowote.

Mke wangu alikuwa amekaa mbele, paa limefunguliwa, kitambaa amekivua. Dawa za hospitali zilimmaliza nywele zote. Gari hili kuukuu la kufunguka juu nililinunua juzi kwa ajili yake. Alitaka upepo kichwani, na alitaka kufika kwa mama yake kabla hajashindwa kukaa.

"Shemeji, petroli ya kawaida au ile ya bei?" aliuliza dada wa pampu.

"Mtilie ile ya bei," mke wangu akadakia. "Bahili huyu leo kapatikana!"

Wakacheka. Mimi nilikuwa bado nyuma ya boneti, nikilitazama tone la oili kwenye ncha ya kijiti, zito, halitaki kudondoka.

Fundi angetaka wiki mbili. Daktari hakutuahidi hata moja.

"Vipi, baba? Kuna ubaya huko?" mke wangu akauliza.

Nikakifuta kijiti kwa shati langu jeupe, nikakirudisha, nikafunga boneti.

"Liko zima kuliko mimi," nikamwambia. "Dada, jaza tangi."